Ramani za VIMS za mwezi Titani: zinapendeza, lakini je, zinapima?

Huduma ninayoihakiki hapa haiuzwi popote, wala haina muuzaji wa kulalamikiwa. Hata hivyo ina watumiaji, ina ubora wake na ina mipaka yake, kwa hiyo inastahili kupimwa kama bidhaa nyingine yoyote. Ni hazina ya data ya spektrometa VIMS (kifaa kinachogawanya mwanga kwa urefu wa mawimbi) iliyobebwa na chombo cha anga Cassini kilichoizunguka Zohali, pamoja na picha za muhtasari zilizowekwa wazi na Chuo Kikuu cha Nantes, Ufaransa, kwenye tovuti ya vims.univ-nantes.fr, na ramani za mwezi mzima zilizotokana na kazi hiyo na kuchapishwa katika jarida la Icarus mwaka 2019. Nimeipitia nikiwa na swali moja tu: mtu anayetaka kujua uso wa Titani unaakisi sehemu gani ya mwanga wa jua unaoufikia, je, atapata jibu humu, au atapata picha nzuri tu?

Ugumu wa swali hilo unatokana na mwezi wenyewe. Titani ndio mkubwa kuliko miezi yote ya Zohali, wenye kipenyo cha kilomita 5,150, na hakuna mwezi mwingine katika mfumo wa jua wenye angahewa nzito namna hiyo. Hewa yake ni nitrojeni kwa sehemu kubwa, pamoja na asilimia chache za methani, na kanieneo yake usoni inazidi ya kwetu kwa karibu nusu. Juu kabisa, miale ya jua inazivunja methani na nitrojeni, kisha vipande vyake vinaungana kuwa chembechembe za rangi ya chungwa zinazoshuka polepole na kuufunika mwezi wote kwa ukungu usiopasuka. Chombo cha anga Voyager 1 kilipoupita tarehe 12 Novemba 1980, kamera zake zilirudisha picha za tufe la chungwa ambazo hazikuonyesha chochote cha ardhi iliyo chini.

Njia ya kupenya ipo, lakini ni nyembamba. Methani hufyonza kwa nguvu mwanga wa infraredi, ule uliovuka nyekundu usioonekana kwa macho, ila si katika kila urefu wa wimbi. Imeacha madirisha saba karibu na mikromita (sehemu za milioni za mita) 0.93, 1.08, 1.27, 1.59, 2.03, kati ya 2.7 na 2.8, na 5. Humo mwanga wa jua unaweza kushuka, ukagonga ardhi, ukapanda tena hadi kwenye chombo. Hata hivyo, dirisha kuwa wazi kwa upande wa methani hakumaanishi kwamba liko wazi kwa upande wa ukungu. Kwenye mikromita 1.08 sehemu kubwa ya mwanga unaopokewa haikuwahi kugusa ardhi, bali ilitawanywa na chembechembe na kurudishwa ikiwa njiani. Kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka ndivyo nguvu ya ukungu inavyopungua, hadi kwenye mikromita 5 ambako karibu haupo kabisa. Ila huko nako jua lenyewe linatoa mwanga kidogo, na kwa kuwa Zohali iko mbali na jua mara tisa na nusu kuliko sisi, mwanga unaofika ni takriban sehemu moja ya tisini ya ule unaotufikia. Kwa hiyo mpimaji hana dirisha lisilo na kasoro: ama atapata mwanga mwingi uliochafuliwa na ukungu, ama mwanga safi ulio haba.

VIMS ilitengenezwa kwa kuzingatia hali hiyo. Iligawanya mwanga wa kuanzia mikromita 0.35 hadi 5.1 katika vipande 352, yaani 96 vya mwanga unaoonekana na 256 vya infraredi, na picha yake kubwa kabisa ilikuwa na pikseli 64 kwa 64. Kwa mtu aliyezoea kamera ya simu, idadi hiyo ya pikseli itaonekana ya kuchekesha. Lakini kila pikseli moja inabeba spektra nzima, yaani kiasi cha mwanga katika kila kipande, na ndiyo sababu faili moja huitwa mchemraba. Jambo hilo lina faida nyingine ambayo wenzetu wa nchi zenye intaneti ya kasi hawaifikirii: mchemraba mmoja una megabaiti chache tu, kwa hiyo hata mwanafunzi anayetegemea bando la simu anaweza kupakua data halisi ya chombo cha anga, ileile inayotumiwa na watafiti wa Paris na Arizona, bila kulipa ada yoyote ya data yenyewe.

Kuhusu tovuti ya Nantes, sifa zake nyingi ni za haki. Cassini ilifika Zohali Julai 2004 na ikafanya kazi hadi tarehe 15 Septemba 2017, ilipozamishwa makusudi katika angahewa ya sayari hiyo, na katika muda huo ilipangiwa kuipita Titani kwa karibu mara 127. Mabaki ya safari hizo yamehifadhiwa katika hazina rasmi ya NASA ya data za sayari, ambako majina ya faili yametokana na hesabu ya saa ya chombo: tarakimu kumi mfululizo zisizokuambia kama ndani mna matuta ya mchanga, mawingu ya ncha ya kusini au giza tupu. Watu wa Nantes waliuchukua kila mchemraba na kuutengenezea picha za muhtasari katika madirisha mbalimbali, ili mtumiaji aone kwa jicho moja kilichomo na ubora wake kabla ya kuhangaika kupakua. Ni kazi ya kuchosha isiyompa mtu umaarufu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora zaidi ya huduma nzima, bora kuliko hata ramani zilizosambaa duniani.

Ramani hizo sasa. Ni za madirisha yote saba, zimepangwa kwenye gridi ya pikseli 32 kwa kila nyuzi, sawa na kilomita 1.4 hivi kwa pikseli kwenye ikweta. Ili vipande vya mipito yote viungane, watengenezaji walifanya marekebisho ya aina tatu. Kwanza, walitafuta kanuni ya kusawazisha tofauti zinazotokana na pembe ya jua, pembe ya chombo na pembe iliyo kati yao. Pili, walipunguza mchango wa ukungu. Tatu, katika ramani ya rangi, walirekebisha kwa makadirio athari ya urefu wa njia ambayo mwanga unapita hewani. La pili ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloamua kama kilichobaki ni kipimo au ni sura tu.

Mbinu yenyewe ni ya kutoa. Pembeni mwa kila dirisha kuna ukingo ambako methani imeanza kufyonza kiasi kwamba mwanga uliogusa ardhi hauwezi kurudi. Kinachoonekana hapo ni ukungu peke yake. Ukichukua picha ya ukingo huo, tuseme karibu na mikromita 2.1, ukaiondoa kwenye picha ya dirisha la 2.03, kinachosalia kinatarajiwa kuwa ardhi. Hesabu hiyo inafanana na ya mchuuzi anayeondoa uzito wa gunia tupu ili ajue uzito wa mchele, ila hapa gunia lililopimwa tupu si lilelile lenye mchele. Mwanga wa ukingoni unarudi kutoka tabaka za juu tu, kwa sababu methani humeza ule unaojaribu kushuka zaidi, ilhali mwanga wa dirishani unapita katika ukungu wote, wa juu na wa chini, mara mbili. Zamani iliwezekana kujifariji kwamba hewa ya chini ni safi. Kifaa cha Huygens, kilichopelekwa na Cassini, kilipotua Titani mwaka 2005 kilionyesha kwamba chembechembe zinaendelea hadi ardhini, na faraja hiyo ikaisha.

Kuna athari nyingine ambayo mbinu ya kutoa haiigusi kabisa. Ukungu hauongezi mwanga tu, pia unauhamisha. Mwanga ulioakisiwa na ardhi yenye kung'aa unatawanywa hewani na kuingia katika pikseli ya ardhi nyeusi iliyo jirani, hivyo eneo jeusi linaonekana jeupe kuliko lilivyo na eneo jeupe linapoteza sehemu ya mwangaza wake. Mahali ambapo matuta meusi ya Shangri-La yanapakana na ardhi angavu ya Xanadu, tofauti inayoonekana kwenye ramani ni ndogo kuliko tofauti halisi, na jinsi inavyopungua inategemea wingi wa ukungu wa siku ile. Kwa anayetazama mipaka, hilo si tatizo. Mpaka unabaki palepale. Kwa anayetaka namba, ni tatizo kubwa.

Ramani iliyopata umaarufu zaidi ni ile ya rangi, ambayo NASA iliisambaza Julai 2018 kama picha sita za mwezi unaozunguka. Nyekundu yake ni uwiano wa dirisha la 1.59 kwa 1.27, kijani ni 2.03 kwa 1.27, na bluu ni 1.27 kwa 1.08. Sijaona picha nyingine ya Titani inayovutia kiasi hicho: matuta ya ikweta yamejitokeza kwa hudhurungi, na kreta za Sinlap, Selk na Menrva zina madoa ya samawati yanayoonekana mara moja. Uwiano una faida yake, maana kasoro inayogusa madirisha mawili kwa kiwango kilekile inajifuta yenyewe, na viungo kati ya mpito mmoja na mwingine vinapotea. Lakini pamoja na kasoro hiyo kinafutwa pia kile tunachokitafuta. Eneo linaloakisi asilimia 6 katika dirisha moja na asilimia 8 katika jingine litapakwa rangi ileile na eneo linaloakisi asilimia 12 na 16, ingawa la pili lina mwangaza mara mbili ya la kwanza. Anayesoma kiwango cha uakisi kutoka kwenye rangi hizi anasoma kitu ambacho hakikuandikwa, na lawama si ya watengenezaji: wao wenyewe wamesema kwamba ramani imesafishwa kwa sehemu tu, na kwamba ni msingi wa kulinganishia na viwango vya uakisi vinavyopatikana kwa hesabu kamili.

Nina neno pia kuhusu ile kilomita 1.4. Pikseli ya kawaida ya VIMS ina upana wa milirediani 0.5, maana yake chombo kikiwa umbali wa kilomita 10,000 kila pikseli inafunika kilomita 5 za ardhi, na kikiwa kilomita 50,000 inafunika 25. Picha za karibu kabisa zilikuwa chache na zilifunika vipande vyembamba. Gridi ya kilomita 1.4 ilichaguliwa ili hivyo vipande vizuri visipotee, na kwingineko kote imejazwa kwa kukadiria kati ya pikseli kubwa. Mtumiaji anayekuza ramani na kuona ulaini unaopendeza asidhani kwamba ni ardhi iliyo laini.

Hesabu kamili ni ipi, basi? Ni kujenga modeli ya angahewa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na methani yake na chembechembe zake, kisha kufuata mwanga ukishuka, ukitawanywa, ukifyonzwa, ukigonga ardhi na kurudi, na kubadilisha uakisi wa ardhi hadi spektra ya modeli ilingane na ile iliyopimwa. Modeli hiyo ingekuwa ubunifu mtupu isingekuwa Huygens. Tarehe 14 Januari 2005 kifaa hicho kilishuka kwa mwavuli kwa takriban saa mbili na nusu, na chombo chake cha DISR, kilichoongozwa na Martin Tomasko wa Chuo Kikuu cha Arizona, kikapima mwanga kutoka juu na kutoka chini katika kila kimo. Kilipokaribia mita 700 kiliwasha taa yake, ili ardhi imulikwe pia katika rangi zile ambazo methani ilikuwa imekwisha kuzimeza kutoka kwenye mwanga wa jua. Nadhani uamuzi wa kubeba taa kwenda Zohali ni miongoni mwa maamuzi yenye busara kuliko yote katika historia ya vyombo vya anga. Kutokana na kazi hiyo tukajua kwamba chembechembe si tufe moja moja, bali ni vishada vya vitufe vidogo kwa maelfu, na jinsi vinavyotawanya mwanga ikawekwa katika majedwali yaliyochapishwa mwaka 2008.

Majedwali hayo ndiyo nguzo ya karibu kila kiwango cha uakisi kilichopatikana kutoka VIMS, na nguzo hiyo ni moja tu, imesimama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, siku moja ya Januari. Titani ina majira. Mwaka wa Zohali ni karibu miaka 29.5 ya kwetu, na Cassini ilifika kaskazini kukiwa baridi, ikaondoka baada ya jua kufikia kilele chake cha kiangazi huko mwezi Mei 2017. Ukungu haukukaa kimya wakati huo wote. Tabaka lake jembamba la juu, lililokuwa kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, lilishuka hadi karibu 380 kati ya mwaka 2007 na 2010. Anayepima maziwa ya kaskazini ya mwaka 2014 kwa ukungu wa ikweta wa mwaka 2005 analazimika kuukuza au kuupunguza kwa kizidisho fulani, na kosa la kizidisho hicho linaingia moja kwa moja katika namba anayoitangaza kuwa ni ya ardhi. Isitoshe, hesabu nyingi huchukulia hewa kuwa imelala bapa, jambo ambalo linakubalika jua likiwa juu. Kwa mwezi mdogo uliovaa hewa nene hivyo, linaharibika haraka jua linapoinama, na nchi za ncha karibu kila mara zinamulikwa na jua lililoinama.

Pamoja na hayo yote, nisingependa msomaji aondoke akidhani kazi haiwezekani. Dirisha la mikromita 5 limetoa matokeo yasiyo na ubishi mwingi kuhusu kilichoonekana, hata pale ubishi ulipobaki kuhusu maana yake. Sehemu mbili za Titani, Tui Regio na Hotei Regio, zinang'aa mno katika dirisha hilo kuliko ardhi inayozizunguka. Wengine waliona humo dalili za volkano za barafu, wengine wakaona masalia ya maziwa yaliyokauka, lakini ung'avu wenyewe hakuna anayeukana. Tarehe 8 Julai 2009 dirisha hilohilo lilinasa mmeto wa jua uliorudishwa na uso laini wa ziwa la kaskazini, kwa pembe ileile ambayo kioo kingeurudisha. Mwaka 2019 mtafiti Caitlin Griffith na wenzake walichambua spektra kwa mbinu za kitakwimu na kubaini ukanda wenye barafu nyingi unaoenea kilomita 6,300 katika nchi za tropiki, sawa na asilimia 40 ya mzingo wa Titani, ambao hauonekani kwa macho katika ramani yoyote ya rangi. Data iliyotumika ni hiihii ya bure.

Kasoro moja ya kifaa chenyewe inahitaji tahadhari. Kwa miaka kumi na mitatu urefu wa mawimbi uliopangiwa kila kipande ulisogea taratibu kwa nanomita (sehemu za elfu za mikromita) kadhaa, wakati kipande kimoja cha infraredi kina upana wa nanomita 16 hivi. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwenye ukingo wa dirisha la methani, ambako mwanga unashuka ghafla, linatosha kuufanya ukingo uonekane dirisha na kuvuruga hesabu yote ya kutoa niliyoieleza. Usanifishaji wa mwisho wa vipimo vya kifaa uliokamilishwa mwaka 2018 unazingatia msogeo huo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mchemraba wa mwaka 2005 na wa mwaka 2016, hakikisha yote miwili imepita katika toleo hilohilo.

Njia mbadala hazitoshi kuiondoa VIMS sokoni. Kamera ya Cassini ilichora ramani nzuri katika nanomita 938, lakini ni rangi moja yenye ukungu mwingi. Rada inapita ukungu kana kwamba haupo, ila inachopima kwa wimbi la sentimita 2.17 ni ukwaruzaji na asili ya umeme ya ardhi, si uakisi wa jua. Darubini ya James Webb inaona madirisha yaleyale kwa usafi mkubwa, lakini kutoka hapa Titani ni kisahani kidogo chenye pikseli chache.

Mwalimu wa sayansi anayetaka picha za darasani achukue ramani ya rangi bila wasiwasi, awaambie wanafunzi kwamba rangi zinaonyesha tofauti za aina ya ardhi. Anayetaka kupima asianzie kwenye ramani, aanzie kwenye michemraba. Selk ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu iko karibu na ikweta, si mbali sana na alipotua Huygens kiasi cha kuufanya ukungu wa DISR usifae, na ndiko helikopta ya NASA iitwayo Dragonfly inakopelekwa, kuruka kukiwa kumepangwa mwaka 2028 na kufika mwaka 2034. Achague mipito ambayo jua liko juu, atumie ISIS, programu ya kuchakata picha za sayari ya idara ya jiolojia ya Marekani, ambayo nayo ni ya bure ingawa inadai uvumilivu wa mtu aliyezoea kuandika amri kwenye Linux, aanze na mikromita 5, kisha arudi nyuma hadi 2.03 na 1.59. Dirisha la 1.08 aliache mwisho kabisa, na kila namba atakayoiandika kuhusu ardhi aiandikie pembeni kiasi cha ukungu alichokichukulia.